Mvua Ikikatika, Duara Bado Lina Maji
Mvua ikikatika Ruangwa na Nachingwea, wachimbaji wadogo hurudi mapema maduarani, yaani kwenye mashimo yao ya kuchimbia madini. Jua limetoka, udongo wa juu umekauka, na nyumbani hela imekwisha. Hapo ndipo ninapowasihi wasubiri. Maji ya jana bado yanashuka polepole ndani ya ukuta, yanauongezea uzito na kuulegeza. Ukuta uliostahimili mvua yenyewe unaweza kuanguka kesho yake, mbingu ikiwa nyeupe.

Wengi hukagua duara kwa kutazama ukuta. Anzia juu, ukingoni. Ufa unaokwenda sambamba na mdomo wa shimo, hata uwe mwembamba, ni dalili kwamba kipande kizima kimeanza kuachia. Chomeka vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yake jioni na asubuhi. Ikiongezeka, asishuke mtu. Kifusi nacho kisirundikwe mdomoni: mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hadi mbili, na aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kukosa pumzi hata kichwa kikiwa nje.

Ukishuka, gonga mwamba kwa mtaimbo. Ukilia kwa ukali, umeshikamana. Ukitoa mlio mzito wa kitu kilicho wazi ndani, umeshaachana na ulio nyuma yake.

Ruangwa ina hatari yake ya ziada. Miamba yenye kinywe imepangika kwa matabaka, na madini hayo huteleza hata ukiyasugua kwa vidole. Viwandani hutumika kulainishia mashine. Matabaka yakiinamia shimoni, ukuta unaoonekana mgumu unaweza kuteleza wote kwa pamoja. Wanaopima hatari ya maporomoko ya theluji kwenye milima ya Uswisi hutafuta jambo hilohilo: huchimba theluji ili walione tabaka dhaifu lililojificha chini ya lililo imara.

Matimba ya kushikilia kuta yafungwe kadiri mnavyoshuka, msisubiri ukuta uanze kumwaga changarawe. Na kila anayeshuka aandikwe jina juu, kwa sababu duara likifunga, swali la kwanza ni wangapi wamo ndani. Waokoaji wasijazane ukingoni: ukuta uliokwisha kuanguka mara moja umebaki wima zaidi, tena bila kitu cha kuushika, na uzito wa watu waliosimama juu yake unatosha kuuangusha mara ya pili.