Maziwa Mepesi: Ni Ng'ombe au Ni Mkono wa Mtu?

Kiangazi kikiingia kuna neno moja linalovunja vikundi vya maziwa kati ya Kajiado na Kitengela: "Huyu ametia maji." Naye anajitetea, ati ni ng'ombe amekosa nyasi. Tukijua maziwa hutengenezwa wapi, tutaamua vizuri zaidi.

Kiwele si mfuko ambamo maji hugeuka maziwa. Kimejaa seli, ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila moja ni karakana. Damu ndiyo huleta malighafi: kwa lita moja ya maziwa, hupita kiweleni kama lita 400 hadi 500. Ndani ya seli kuna punje ziitwazo ribosomu. Hizo huunga asidi amino moja baada ya nyingine hadi ipatikane kaseini, ile protini inayoganda tukitengeneza mala. Protini huingia katika utando uliokunjwakunjwa, retikulamu ya endoplazimu, kisha hubebwa kwa vifuko hadi Golgi, iliyopewa jina la Mwitaliano Camillo Golgi aliyeieleza mwaka 1898. Hapo kaseini huongezewa fosfeti, hushikana na kalsiamu na kufungwa tayari kwa safari.

Humo humo kwenye Golgi hutengenezwa sukari ya maziwa, na siri ya maji iko hapa. Sukari hiyo huvuta maji ndani ya kifuko. Vifuko hufika ukingoni mwa seli, hufunguka, humwaga. Basi ng'ombe mwenye njaa, kama tulivyoona katika ukame wa 2009 na wa 2022, hutengeneza sukari kidogo na maji huvutwa kidogo. Protini nayo hushuka kiasi. Maziwa hupungua wingi, lakini hayageuki maji. Laktomita ikishuka sana, kiangazi peke yake hakitoshi kuwa sababu.

Mafuta yana njia yake. Hutengenezwa kwenye utando ule ule, mengi kutokana na nyasi zilizochachuka tumboni, lakini hayapiti Golgi. Kila tone hutoka limefunikwa na ngozi ya seli yenyewe. Matone hukawia kiweleni, ndiyo maana maziwa ya mwisho kukamuliwa yana mafuta mengi. Na wengi wetu hayo ya mwisho humwachia ndama! Mama aliyefanya hivyo ataleta maziwa yenye malai kidogo, na hakutia hata tone la maji. Laktomita haitamshtaki, kwa maana mafuta ni mepesi kuliko maji, na yakipungua kipimo hupanda kidogo. Atakayemshtaki ni yule anayepima kwa jicho.

Msipime maziwa yakiwa na joto la kiweleni, kipimo kitashuka bure, ngojeni yapoe. Shaka ikibaki, wanakikundi wawili waende bomani kwake asubuhi, ng'ombe wakamuliwe wakiona, na maziwa hayo yalinganishwe na aliyoleta.