Heshima ya Baba, Afya ya Mtoto

Katika kila wasichana wanne wa Uganda walio kati ya miaka 15 na 19, mmoja ama ameshazaa ama ana mimba ya kwanza. Ndivyo ulivyoonyesha utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016, na ule uliofuata wa mwaka 2022 ulikuta hali karibu ileile. Mwaka 2015 ulifanyika utafiti mwingine wa kitaifa, huu ukihusu ukatili dhidi ya watoto. Vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla hawajafikisha miaka 18. Wasichana 59 katika kila 100 na wavulana 68 katika kila 100 walisema waliwahi kupigwa au kuumizwa mwilini. Wasichana 35 katika kila 100 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono.

Kwa kawaida tarakimu hizi husomwa kila moja peke yake. Za mimba huenda kwa watu wa afya, za kipigo huenda polisi na kwa maofisa wa ustawi wa jamii, na kila upande hutunga kampeni yake. Mimi nazisoma pamoja, kwa sababu Kampala wako wanasayansi wa jamii waliozisoma hivyo kwa miaka mingi. Hitimisho lao linatugusa wazazi kuliko linavyowagusa waganga.

Nianze na Godfrey Siu, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere katika Kituo cha Afya na Maendeleo ya Mtoto, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kabla ya kuwageukia wazazi, Siu alikaa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Busia, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Alitaka kujua kwa nini wanaume hawaendi kupima virusi vya Ukimwi, na kwa nini hata wanaojua hali yao huchelewa kuanza dawa. Alikuta kwamba machimboni mwanaume hupimwa kwa nguvu zake, uvumilivu wake na fedha anayoondoka nayo jioni. Kuonekana kwenye foleni ya kliniki na kupoteza siku ya kazi kulimshusha mbele ya wenzake. Lakini mwanaume huyohuyo alipowafikiria watoto atakaowaacha na jina la nyumba yake, alipata sababu ya kwenda kutibiwa.

Mwanaanthropolojia Peter Wilson aliieleza tofauti ya namna hiyo mwaka 1969 alipoandika juu ya jamii za Karibi. Kuna sifa ambayo mwanaume hupewa na wanaume wenzake, kijiweni na kilabuni. Kuna pia heshima ambayo jamii nzima humpa mtu kwa namna anavyoitunza nyumba yake. Siu na wenzake, akiwemo Daniel Wight wa Chuo Kikuu cha Glasgow, waliichukua fikra hiyo wakaipeleka kwenye malezi. Walipowauliza wazazi wa Uganda wanachokitamani kwa watoto wao, jibu lililojirudia ni kwamba mtoto awe na adabu, asiiaibishe familia. Mtaalamu mwingine angelisikia jibu hilo na kudhani amekutana na kikwazo, mila ngumu ya kuvunjwa kwanza. Hawa waliliona kuwa mlango wa kuingilia. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyoyafanya.

Wakatunga mpango wa mafunzo ya wazazi, ambao kwa Kiswahili tungeweza kuuita Malezi ya Heshima, wakaujaribu katika wilaya ya Wakiso inayoizunguka Kampala. Wazazi hukutana katika vikundi, wakiongozwa na watu wa hapohapo mtaani waliopewa mafunzo. Baba hukaa na baba wenzao kwanza, mama na mama wenzao, kwa vikao vingi. Baadaye ndipo wote hukaa pamoja. Mpangilio huo una maana kubwa. Mwanaume anayeambiwa mbele ya mkewe kwamba analea vibaya atanyamaza, na wiki ijayo hatarudi. Akiwa na wanaume wenzake anaweza kukiri kwamba hajui azungumze nini na binti yake aliyevunja ungo, au kwamba humchapa mwanawe kwa hasira za kazini. Na wakisema hivyo wanaume kadhaa, ile sifa ya kijiweni yenyewe huanza kubadilika.

Mpango unashughulikia mambo manne ambayo utafiti wa nchi nyingi umeyahusisha na ukatili wa ukubwani: uhusiano hafifu kati ya mzazi na mtoto, adhabu kali, malezi yanayombagua msichana na mvulana, na ugomvi wa wazazi wenyewe. Yote yanaingia katika afya ya kijana kwa njia zinazoeleweka.

Mtoto aliye karibu na mzazi wake husema. Mzazi hujua mwanawe yuko wapi na yuko na nani kwa sababu ameambiwa, na huambiwa kwa sababu mtoto haogopi kusema. Anayechapwa kwa kila kosa hujifunza kuficha, na akizoea kuficha makosa madogo atayaficha na makubwa: maumivu baada ya kuingiliwa kwa nguvu, dalili za ugonjwa wa zinaa, hedhi iliyokosekana miezi miwili. Wahudumu wa vituo vya afya wanaujua mwisho wa habari hiyo, kwa sababu binti huletwa pale ambapo jambo halifichiki tena. Malezi ya kibaguzi nayo humfundisha msichana kutii kila mwanaume aliye mkubwa kwake, halafu tunamtaka ajue kumkatalia bodaboda anayempakia bure kwenda shule. Mvulana hufundishwa asilie na asiombe msaada. Huyo ndiye mwanaume ambaye Siu alimkuta Busia, akiwa amechelewa kupima.

Jambo la nne, ugomvi wa baba na mama, ndilo ambalo mafunzo mengi ya malezi huliruka. Mzazi hufundishwa namna ya kuongea na mtoto, lakini namna anavyoongea na mwenzake huachwa kama siri ya chumbani. Kampala siri hiyo haipo. Familia nyingi za Bwaise, Katwe au Namuwongo huishi katika chumba kimoja cha kupanga, muzigo kama wanavyouita, na kati ya kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto kuna pazia. Mtoto husikia kila neno. Akimsikia baba akimpiga mama, anafundishwa kwamba mwenye nguvu ana haki ya kupiga, na kwamba anayepigwa hana wa kumwambia.

Ushahidi wa jambo hili nao umetoka Kampala. Kati ya mwaka 2007 na 2012, mradi wa SASA! uliendeshwa katika jamii za tarafa za Makindye na Rubaga na kituo cha kuzuia ukatili wa majumbani, CEDOVIP, kwa mbinu zilizotungwa na shirika la Raising Voices. Jamii nne zilipata mradi mapema, nyingine nne zikasubiri ili zilinganishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa ukatili wa kimwili ambao wanawake walifanyiwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika jamii zilizopata mradi. Jamii nane ni chache kitakwimu, kwa hiyo asilimia hiyo ichukuliwe kwa uangalifu. Lakini mwelekeo wake ni wazi. Mradi ulikusudia wanawake na wanaume. Watoto hawakuwa walengwa. Hata hivyo Nambusi Kyegombe na wenzake walipochambua data upya, katika makala ya mwaka 2015, walikuta kwamba watoto walioshuhudia ukatili nyumbani walipungua kwa asilimia 64. Wazazi waliohojiwa walisimulia pia kwamba wamebadilisha namna ya kuwaadhibu watoto na wamekuwa karibu nao zaidi. Baba na mama walipopatana, mtoto alifaidika bila mtu yeyote kumfundisha chochote.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: je, zamani nani alizungumza na vijana? Kwa mila za kabila la Baganda kazi ya kumfunda msichana ilikuwa ya ssenga, dada wa baba. Wazazi wenyewe waliona haya kuyataja mambo ya unyumba mbele ya watoto, kama tulivyomwachia somo au kungwi kazi hiyo katika pwani yetu. Mwaka 2003 Herbert Muyinda na wenzake walichapisha utafiti kutoka kusini magharibi mwa Uganda, ambako walijaribu kuitumia taasisi ya ssenga kufundisha wasichana juu ya virusi vya Ukimwi. Naithamini kazi hiyo. Lakini kwa mtoto wa Kampala ya leo, shangazi yuko Masaka au Dubai, na ssenga anayemsikia ni wa redioni, anayezungumza zaidi na wanawake walioolewa. Nafasi iliyobaki wazi imechukuliwa na simu na wenzake wa shule ya bweni. Mzazi hana wa kumwachia tena.

Shule nayo haijaiziba nafasi hiyo. Serikali ilitoa mwongozo wa elimu ya jinsia mwaka 2018, nao ukapingwa vikali, hasa na viongozi wa dini. Kisha shule zenyewe zikafungwa, zote au baadhi ya madarasa, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wakati huo nyumba ndiyo ilikuwa shule, zahanati na kanisa kwa mamilioni ya watoto, na ongezeko la mimba za wanafunzi likawa habari ya kila wiki.

Kuna mipaka ambayo lazima niitaje. Tathmini ya mwanzo ya mpango wa Wakiso ilitegemea masimulizi ya wazazi walioshiriki. Mtu aliyekaa katika kikundi kwa miezi hupenda kusema amebadilika. Pia mafunzo hayalipi kodi ya nyumba. Mganda mwingine, Fred Ssewamala, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, ametumia miaka mingi kusini mwa Uganda, eneo la Masaka na Rakai, akionyesha upande huo. Watoto waliofiwa na wazazi kwa Ukimwi walifunguliwa akaunti za akiba kwa majina yao, na mradi ukaongeza fedha juu ya kile familia ilichoweka. Watoto hao walikuwa na matumaini zaidi na afya bora ya akili kuliko waliopata huduma za kawaida. Umaskini huingia kwenye malezi kwa njia ya uchovu na hasira, na anayehubiri malezi bila kuuona anamwonea mzazi.

Hata hivyo siukubali udhuru wa kwamba baba wa Kampala hana muda. Wanaume walihudhuria vikao vya Wakiso, na katika mahojiano walieleza kwamba uhusiano wao na watoto na wake zao umekuwa bora. Walikuja kwa sababu waliitwa kama watu wenye hadhi ya kulinda, hawakuitwa kama watuhumiwa. Mikutano ya wazazi shuleni humwita baba pale mtoto anapofukuzwa au ada inapokosekana, kisha tunashangaa kwamba anamtuma mama.

Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ya Uganda ilitoa mwongozo wa kitaifa wa malezi mwaka 2018. Mwongozo upo, wanaokosekana ni watu wa kuufikisha mtaani na bajeti ya kuwafundisha. Imamu, padri, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa hawahitaji kusubiri bajeti hiyo. Waite akina baba peke yao, jioni moja kwa wiki, wazungumze juu ya watoto wao. Na baada ya wiki kadhaa, waite na akina mama, wakae pamoja.