Shada la bibi harusi lidumu hadi usiku wa sherehe

KATIKA harusi nyingi za Dar es Salaam, shada la maua huwa jambo la mwisho kukumbukwa na kamati, baada ya ukumbi, chakula, vinywaji na magari. Hata hivyo, ndilo litakaloonekana karibu katika kila picha ya bibi harusi, na ndilo pambo linaloharibika upesi kuliko mengine.

Adui wa kwanza ni joto. Bibi harusi hutoka saluni mchana, huenda kanisani, hupelekwa ufukweni au bustanini kupiga picha, na huingia ukumbini giza likiwa limetanda. Saa zote hizo shada limo mkononi bila maji. Haidranjia, pamoja na uzuri wake, hunyauka haraka; okidi na karnesheni huvumilia zaidi. Waridi liko katikati, na kwa bahati hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa hulimwa kwa wingi Arusha na, ng'ambo ya mpaka, Naivasha. Ubichi wake hupimwa kwa kubonyeza taratibu chini ya petali: likiwa gumu ni jipya, likibonyea limeshakaa dukani.

Maua yakatwe mabua kwa mshazari na kulala katika maji usiku wa kuamkia harusi. Wapo wanaoyahifadhi katika jokofu la nyumbani, karibu na ndizi mbivu au maembe. Hilo ni kosa. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua, na karnesheni ndiyo huathirika zaidi.

Yungiyungi nalo lina hila yake. Chavua yake ya rangi ya machungwa huacha doa gumu kutoka, jambo zito hasa kwa gauni la kukodi, ambalo mwenye duka atalikagua likirudishwa. Fundi makini hukata vichwa vya stameni kabla ua halijachanua vema. Chavua ikianguka, isisuguliwe wala kupakwa maji. Inaswe kwa selotepu.

Kuhusu umbo, shada refu linaloporomoka kama lile la Diana mwaka 1981 lilifaa gauni kubwa la namna ile. Kwa bibi harusi mfupi, humfunika. Gauni lenye nakshi nyingi linataka shada la mviringo, dogo. Muuza maua aoneshwe kipande cha kitambaa, si picha tu, kwani maua meupe pepe hulifanya gauni la rangi ya maziwa lionekane limefubaa. Shada hushikwa usawa wa kitovu. Wengi, kwa woga, hulipandisha hadi kifuani na kuficha kazi yote ya mshonaji.

Zanzibar, Mombasa na Lamu zina njia yao ya tangu zamani: kikuba cha asumini na rehani, ambacho sifa yake ni harufu kuliko ukubwa. Asumini huchumwa jioni yangali machipukizi, ili yafunguke usiku, wakati wa shughuli yenyewe.

Anayetaka kurusha shada kwa wasichana ukumbini aagize la pili, dogo na la bei nafuu. Lile la kwanza lininginizwe kichwa chini, mahali penye giza na hewa, kwa wiki 2 au 3, hadi likauke.