Alama 400 za KCPE na EE1 za KJSEA: Mtoto hupimwa vipi?

Kwa miaka mingi, kila matokeo ya mtihani wa darasa la nane (KCPE) yalipotangazwa, malango ya shule nyingi za kibinafsi mjini Nakuru yalitundikwa mabango yenye picha za watahiniwa waliozoa alama 400 na zaidi. Mtihani huo ulioanza mwaka 1985 ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini wazazi wengi wangali wanapima matokeo mapya kwa mizani ile ya zamani, mizani ambayo hata wakati wake ni wachache walioielewa.

Alama za KCPE hazikuwa idadi ya maswali aliyoyapata mtoto. Karatasi za maswali ya kuchagua zilisahihishwa kwa mashine, nazo insha za Kiingereza na Kiswahili, kila moja ikiwa na alama 40, zikasomwa na walimu. Baada ya hapo Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) lilibadilisha alama hizo ghafi ili wastani wa kila somo uwe 50. Iwapo Hisabati ilikuwa ngumu na mtahiniwa wa kawaida akapata 40, basi 40 hiyo iligeuzwa kuwa 50. Sayansi ikiwa rahisi na wa kawaida akapata 60, naye alipewa 50.

Sababu yake ilikuwa ya haki: mtoto asiponzwe na ugumu wa karatasi moja, wala somo moja lisizidi mengine uzito katika jumla ya 500. Lakini maana yake ni kwamba alama hizo zililinganisha mtoto na wenzake, hazikusema anajua nini. Mwaka 2023, kati ya watahiniwa zaidi ya milioni 1.4, ni 8,525 pekee waliofikisha 400. Hata kama nchi nzima ingesoma maradufu, wastani wa jumla ungebaki palepale karibu na 250. Shule ya Molo iliyojivunia kupanda kutoka 240 hadi 270 ilikuwa imeipita shule nyingine mahali fulani, basi. Ndiyo maana baadhi ya walimu wakuu waliwalazimisha wanafunzi dhaifu kurudia darasa la saba. Hilo lilipandisha wastani wa shule bila kumfundisha yeyote chochote. Orodha rasmi za shule bora zilipigwa marufuku mwaka 2014, ila mabango hayakutoka malangoni.

Mtihani wa gredi ya tisa, KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025 na watahiniwa zaidi ya milioni 1.1, unadai kufuata njia nyingine. Mtoto hupimwa dhidi ya matarajio ya mtaala, katika viwango vinane: kuanzia EE1, yaani aliyezidi matarajio, mwenye asilimia 90 na zaidi na pointi 8, hadi BE2 chenye pointi 1. Kwa masomo tisa, jumla ya juu ni pointi 72.

Hapa mzazi aangalie kwa makini. Kiwango cha ME1 huanza asilimia 58 hadi 74. Mwenye 58 na mwenye 74 wote hupata pointi 6, ilhali aliyepata 75 huingia EE2 na kupewa 7. Alama moja huwatenganisha watoto wawili, na alama 16 huwaunganisha wengine wawili. Pointi ni ngazi, na ngazi huficha yaliyo kati ya kidato kimoja na kingine.

Aidha, karatasi ya gredi ya tisa hubeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 hutoka kwa mtihani wa gredi ya sita (KPSEA), na 20 nyingine kwa tathmini zinazofanyiwa shuleni katika gredi ya saba na ya nane, ambazo mwalimu huzisahihisha mwenyewe na kuzituma KNEC kwa mtandao. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezembea akiwa gredi ya sita hubeba deni hilo hadi anapochaguliwa kujiunga na shule ya sekondari ya juu.

Ni katika tathmini hizo za shuleni ambapo tofauti za Bonde la Ufa hujitokeza. Mtihani wa zamani haukuuliza mtoto alikosomea: mwaka 2008, waliofurushwa makwao Molo na Kuresoi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walijibu maswali yaleyale waliyojibu wenzao wa Nairobi. Siku hizi sehemu ya matokeo hutegemea kama shule ina maabara, vifaa vya mradi, umeme, na mwalimu asiyelemewa na darasa kubwa. Mtoto wa kibarua wa mashamba ya maua ya Naivasha na yule wa akademia ya mjini Nakuru hufanya mradi mmoja, kwa vifaa visivyofanana.

Pointi zikishajumlishwa, bado si zenyewe zinazoamua pekee. Mwanafunzi huchagua shule 12 na mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na spoti. Aliye na pointi 60 zilizotokana zaidi na lugha na sanaa, huku Hisabati ikimwangusha, anaweza kukosa nafasi ya sayansi anayopewa mwenye pointi 57. Jirani wa kijijini atauliza tu alipata ngapi.