Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha furaha

Habari ya Kashasha husimuliwa kama kichekesho: wasichana wa shule ya bweni kijijini humo, wilaya ya Bukoba, Tanganyika, mwaka 1962, walicheka mpaka shule ikafungwa. Lakini soma taarifa ya Dk. P.J. Philip, aliyekuwa daktari wa wilaya hiyo, na mwenzake A.M. Rankin wa Makerere, iliyochapishwa mwaka 1963. Utamaliza ukiwa na huzuni.

Kicheko, wanaandika, kilikuja ghafla. Mtoto anacheka, analia, anatulia, kisha kinamrudia. Akishikwa, anapigana. Wengine kiliwaachia baada ya saa chache, wengine kiliwang'ang'ania hadi siku 16. Homa hakuna. Mboni za macho mara nyingi zimetanuka, ingawa zikimulikwa zinasinyaa kama kawaida. Ukigonga chini ya goti, mguu unaruka kupita kiasi. Damu ikapimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, safi. Wenyeji wakashuku unga wa mahindi, wengine wakasema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Sumu haikuonekana.

Na katikati ya vipimo hivyo vyote, kuna maneno ya wasichana wenyewe, ambayo taarifa inayapitia haraka mno: kuna vitu vinatembea kichwani, na kuna mtu anawakimbiza.

Walianza watatu, tarehe 30 Januari. Wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Walimu watano hawakuguswa. Shule ilipofungwa Machi, watoto wakarudi makwao, na katika kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 wakapatwa. Hakuna aliyekufa.

Madaktari walihitimisha kuwa ni hofu ya kundi, si kirusi wala sumu. Naafiki. Ila wapo wanaosikia hivyo wakadhani watoto walikuwa wanajifanya. Mtoto hawezi kujitanua mboni kwa hila. Mwili wenye hofu humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, mboni zikatanuka, misuli ikakaza. Hausubiri kwanza kuhakikisha kama adui yupo. Wasichana wale waliumwa kweli.

Lakini nani alikuwa akiwakimbiza? Fimbo? Mtihani? Bweni lenyewe, mbali na mama? Nchi ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu ipate uhuru, na wao ndio waliotarajiwa kuwa wasomi wake. Je, mzigo huo ulikuwa na uzito gani kwa mtoto wa miaka 12?

Hadi leo wasichana huanguka na kupiga mayowe mabwenini. Mzazi husema mapepo, mwalimu husema wanaigiza, na hospitali ikisema vipimo ni safi, shauri limekwisha. Tafadhali, ndugu mzazi, nawe mwalimu, lisiishie hapo. Vipimo vikirudi safi, keti na mtoto pembeni, mbali na wenzake, umwulize anaogopa nini. Kisha mwache aseme hadi amalize.