Kwa nini wakulima wa mvinyo wanauza vitanda

MGENI anayelala katika shamba la zamani la mizabibu karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, huamini amelipia chumba. Katika vitabu vya mwenye shamba, chumba ni mlango wa duka. Tangu mgeni anapopokelewa hadi anapopakia katoni ya chupa kwenye buti la gari, karibu kila hatua yake ni mauzo.

Biashara hii inafaa kuchunguzwa na mwekezaji mdogo, kwani inagusa tatizo la wakulima wengi wa Afrika: zao ni moja, fedha zinachelewa, na bei anaipanga mnunuzi.

Fedha zinazochelewa

Mzabibu ukipandwa leo, mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu. Katika eneo la Cape zabibu nyingi huvunwa mara moja kwa mwaka, kati ya Januari na Aprili. Mvinyo mwekundu wa daraja la juu hukaa ndani ya pipa mwaka mmoja au zaidi, kisha hupumzishwa tena ndani ya chupa. Kwa hiyo mkulima anaweza kusubiri miaka mitano kabla ya kuuza chupa yake ya kwanza, huku mishahara, mapipa, vizibo na riba ya benki vikidai kila mwezi.

Hata siku ya kuuza ikifika, faida hugawanywa. Kuna dalali, msafirishaji, muuzaji wa jumla na duka. Sehemu kubwa ya mvinyo wa Afrika Kusini unaokwenda nje husafirishwa kwenye matangi makubwa, bila chupa wala jina la shamba. Mkulima wa namna hiyo anauza lita tu, na anayeuza lita hana sauti katika bei.

Chumba kina tabia tofauti. Mgeni hulipa akiwasili, au hata kabla hajafika. Lakini nacho kina udhaifu wake: chupa isiyouzwa leo inaweza kusubiri mwakani, ila usiku ambao chumba kimelala kitupu umepotea moja kwa moja. Ndiyo maana vitu hivi viwili vinafaa kuwekwa pamoja. Kimoja huvumilia lakini huchelewa kulipa. Kingine hulipa haraka lakini hakivumilii.

Jina lililojengwa kwa karne tatu

Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa Februari 1659, miaka saba baada ya Jan van Riebeeck kufika na Wadachi wenzake. Stellenbosch, ulio kilometa zipatazo 50 kutoka Cape Town, ulianzishwa mwaka 1679.

Shamba la Lanzerac, lililo pembeni mwa mji huo, ni mfano mzuri. Ardhi yake iligawiwa mwaka 1692, nyumba kuu ikajengwa mwaka 1830, na mwaka 1958 ikafunguliwa hoteli. Mwaka 1961 jina la Lanzerac lilibandikwa kwenye chupa za kwanza za Pinotage kuingia sokoni. Hiyo ni aina ya zabibu ambayo Profesa Abraham Perold aliizalisha hapo Stellenbosch mwaka 1925. Hoteli na chupa vikawa vinatangazana.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1971. Wakulima watatu, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, walianzisha Njia ya Mvinyo ya Stellenbosch baada ya Malan kuona utaratibu kama huo Burgundy, Ufaransa. Wazo lilikuwa rahisi: wanywaji waelekezwe barabara ya kufika shambani, badala ya mkulima kuhangaika kuifikisha chupa kwao. Washindani walikubali kutangazwa pamoja, kwa kuwa mgeni aliyefunga safari kwa ajili ya shamba moja huishia kutembelea matatu.

Usiku mmoja, mauzo manne

Mgeni hufika mchana. Huona kuta nyeupe, paa la nyasi na mialoni iliyopandwa na watu wa kale. Mauzo ya kwanza ni chumba. Ya pili ni kuonja: humiminiwa vionjo vya mvinyo wa aina mbalimbali kwa ada, akielezwa udongo, mwaka na pipa. Ya tatu ni chakula cha jioni, ambapo chupa ya shamba huuzwa kwa bei ya mezani. Ya nne huja asubuhi. Akiwa ameshatembezwa ghalani na kuzungumza na mtengenezaji, mgeni hununua chupa za kwenda nazo nyumbani.

Tuchukue hesabu ya mfano. Shamba lina vyumba vinane, na kwa wastani nusu yake vinapata wageni. Kwa mwaka mzima hizo ni siku-chumba 1,460. Kila chumba kikiondoka na chupa sita kwa siku, zimeuzwa chupa 8,760. Pipa la lita 225 hutoa chupa 300, kwa hiyo hayo ni mapipa 29, au takriban tani kumi za zabibu. Mzigo wote huo umeuzwa bila dalali, na aliyeusafirisha kwa gharama yake ni mnunuzi mwenyewe.

Mgeni naye ana nafasi yake katika hesabu hii. Msimu wa wageni wengi ni Desemba hadi Machi, na bei hupanda. Kuanzia Juni hadi Agosti ni baridi na mvua, vyumba hubaki vitupu, na hapo ndipo bei hushuka. Mwenye haraka ya kuona mavuno atalipia haraka yake.

Historia ina gharama zake

Nyumba ya kale ni mali, lakini pia ni mzigo. Nyumba kuu ya Groot Constantia iliungua mwaka 1925, na Mei 2017 moto uliunguza sehemu ya hoteli ya Lanzerac. Anayenunua nyumba yenye paa la nyasi ananunua pamoja nayo bima na mafundi wasiopatikana kila mtaa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mashamba haya yalijengwa kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini walioachiwa walilazimishwa kutumikia hadi 1838. Baadaye vibarua wengi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo hafifu, mtindo ulioitwa dop, na madhara yake ya ulevi yanaonekana hadi leo katika familia za vibarua. Wanunuzi wa nje siku hizi huuliza mfanyakazi anaishije, na mwaka 2002 kiliundwa chombo kiitwacho WIETA kukagua mashamba. Shamba linalouza historia haliwezi kuuza nusu yake tu.

Pigo moja kwa biashara mbili

Mwekezaji asidhani kwamba kitanda na pipa hulindana daima. Machi 2020 Afrika Kusini ilipojifungia kwa ajili ya korona, wageni walikatika na uuzaji wa pombe nchini ukapigwa marufuku kwa wakati mmoja. Marufuku hiyo ilirudiwa zaidi ya mara moja hadi mwaka 2021. Aliyekopa kujenga vyumba alikuta milango yote miwili ya fedha imefungwa siku moja.

Kwa upande wa Tanzania, funzo linaelekea Dodoma. Zabibu huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kilio cha wakulima kwa muda mrefu kimekuwa soko wakati wa mavuno. Serikali imehamia huko, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawafikisha wasafiri kutoka Dar es Salaam. Wateja wako karibu kuliko zamani.

Anayefikiria vyumba shambani aanze kwa kuuliza mambo matatu. Je, mvinyo wake unanyweka bila kusifiwa? Je, majirani wako tayari kutangazwa pamoja naye? Na je, ana akiba ya kuendesha vyumba vitupu kwa miezi mitatu? Asiye na jibu la swali la tatu aanze na meza ya kuonjea mvinyo. Vitanda vitakuja baadaye.