Treni ya Mchongoko Petite Barrière

Asubuhi ya Petite Barrière, kizuizi cha mpakani mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, Rwanda, huanza kwa miguu. Jua halijapanda vizuri juu ya vilima vya Rubavu, na tayari akina mama wako kwenye foleni: beseni la nyanya kichwani, mfuko wa karoti mkononi, mtoto mgongoni ndani ya kitenge. Ng'ambo ya kizuizi ni Birere, mtaa wa Goma nchini Kongo, na nyanya zile zinatakiwa ziwe zimeshauzwa kabla ya jua kuwa kali. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapa kila siku, wengi wao wanawake wenye mitaji midogo sana. Ni vigumu kupata mpaka mwingine Afrika unaovukwa kwa miguu na watu wengi kiasi hicho.

Mtoto wa mgongoni huvuka na mama yake. Yule wa miaka mitatu, minne au mitano ana shida yake: ni mzito kubebwa pamoja na mzigo, na bado ni mdogo kuachwa peke yake. Ndiyo maana kituo cha malezi ya watoto wadogo, kile Wanyarwanda wanachokiita irerero, kina uzito wa pekee katika mji wa mpakani. Mama akijua mtoto amekula uji na yuko mikononi mwa mtu mzima, anauza kwa moyo uliotulia. Na katika saa zile ndefu za kumsubiri mama, baada ya uji na kabla ya usingizi wa mchana, karatasi na penseli za rangi hufanya kazi kubwa kuliko tunavyozipa sifa.

Nataka kuzungumzia picha moja tu kati ya zile wanazopewa watoto wazipake rangi: treni ya kasi. Treni ndefu, pua imechongoka, madirisha yamepangwa kama shanga. Rwanda haina reli, hata kilomita moja. Goma nayo haina. Mtoto wa Petite Barrière anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuisikia honi ya treni hata mara moja. Basi wapo wanaouliza kwa nini apewe picha ya kitu kisichokuwepo, wakati kuna ng'ombe, ndizi na ziwa. Mimi naamini apewe, tena mapema, ila mwalimu aanze na kile ambacho mtoto amekwisha kukiona.

Na magurudumu ameyaona mengi. Kila siku mbele yake hupita baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wenye nazo ni wafanyabiashara wenye ulemavu, ambao katika mpaka huu wamejiunga katika vyama vyao na kujipatia jina kwa kuvusha mizigo ambayo mtu wa miguu asingeiweza. Analijua chukudu la Goma, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo mwendeshaji huweka goti moja juu yake na kujisukuma kwa mguu wa pili, magunia ya viazi na makaa yakiwa yamerundikwa mbele yake. Goma imelijengea chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji. Mtoto aliyeyaona hayo hahitaji maelezo marefu. Mwambie: mwanangu, treni ni machukudu mengi yaliyofungwa pamoja, yanapita njia moja ya chuma, wala hakuna hata moja linaloweza kuchepuka. Atakuelewa mara moja. Swali litakalofuata ni nani anayesukuma.

Hapo ndipo umeme unapoingia kwenye karatasi. Treni ya kasi haina moshi, kwa hiyo mwalimu asichore moshi. Juu ya mabehewa kuna mkono wa chuma unaogusa waya na kunyonya umeme kutoka humo. Mtoto anaweza kupewa kazi ya kuchora waya huo mwenyewe kwa mstari mmoja wa penseli nyeusi, kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Kwa mkono wa miaka minne huo ni mtihani mgumu. Lakini ni mstari huohuo utakaomwezesha kesho kuandika herufi bila kutetemeka.

Treni ya umeme iliyo jirani zaidi na Rubavu iko Tanzania. Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huduma ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Novemba mwaka huohuo zikaanza safari treni zilizotengenezwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Kwa sababu ya pua zao, Watanzania wakazipa jina papo hapo: treni ya mchongoko. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa, na Dodoma, ambayo kwa basi ilikuwa safari ya kutwa nzima, sasa inafikiwa kwa chini ya saa nne. Kwa vipimo vya wataalamu wa reli duniani, treni ya kasi kamili ni ile inayokimbia kilomita 250 kwa saa au zaidi kwenye njia mpya. Kwa kipimo hicho iliyotangulia Afrika ni ya Morocco, iliyoanza Novemba 2018 kati ya Tangier na Casablanca kwa mwendo unaofika kilomita 320 kwa saa. Wamorocco wameiita Al Boraq, jina la yule mnyama aliyembeba Mtume Muhammad katika safari yake ya usiku. Hata hivyo, kwa mtoto wa Gisenyi mimi ningechagua ile ya mchongoko. Ni ya jirani, jina lake ni la Kiswahili, na jina lenyewe linamwambia jinsi ya kuichora.

Lakini kwa nini pua ichongoke? Hapa nawaomba walimu wasipite haraka, kwa sababu jibu linaruka kila siku juu ya Ziwa Kivu.

Wajapani walianzisha treni ya kwanza ya kasi duniani tarehe 1 Oktoba 1964, kati ya Tokyo na Osaka. Kadiri mwendo ulivyoongezwa miaka iliyofuata, shida ikajitokeza kwenye mahandaki. Treni inapoingia handakini kwa kasi kubwa huusukuma upepo mbele yake kama kizibo ndani ya chupa, na upepo ule ukitokea upande wa pili hulipuka kwa kishindo. Watu waliokuwa wakiishi karibu na midomo ya mahandaki walikosa raha. Mhandisi mmoja, Eiji Nakatsu, alikuwa mpenzi wa kutazama ndege. Alimfikiria mdiria, ndege mvuvi ambaye hutoka hewani na kuzama majini bila kurusha maji mengi, kwa sababu ya umbo la mdomo wake mrefu. Kutoka hewani kuingia majini, kutoka uwanjani kuingia handakini: tatizo ni lilelile. Treni iliyoanza kazi mwaka 1997 ikapewa pua ndefu ya mita 15 iliyofuata umbo la mdomo huo. Kishindo kikapungua, nayo ikakimbia kilomita 300 kwa saa.

Sasa fikirini. Mdiria yupo Ziwa Kivu. Mtoto wa Rubavu amemwona akitulia angani juu ya maji, mabawa yakipigapiga, kisha akishuka kama jiwe na kuibuka na samaki. Mtoto wa Tokyo huenda anahitaji kitabu ili amjue ndege huyo. Wa kwetu anahitaji kupelekwa ufukweni tu. Mwalimu akichora karatasi moja yenye mdiria juu na treni chini, pua na mdomo vikielekea upande mmoja, atakuwa amefundisha sayansi bila kutaja neno sayansi. Mtoto akipaka mdomo na pua kwa rangi moja, somo limeingia.

Na milima? Mtoto wa hapa akiachiwa karatasi tupu huenda akaipandisha treni moja kwa moja hadi kileleni mwa volkano ya Nyiragongo, mita 3,470. Asikatazwe, ila aulizwe: ingeshukaje? Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwenye mwinuko mkali, na ndiyo sababu wajenzi wa reli hupasua mlima badala ya kuupanda. Mtu yeyote aliyesafiri kwa basi kutoka Kigali hadi Rubavu, akizungushwa kona baada ya kona, anaweza kukadiria mahandaki ambayo nchi hii ingehitaji.

Habari ya reli ya Rwanda ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Wajerumani waliotawala hapa walipofikisha reli yao Kigoma mwaka 1914, waliianza papo hapo njia nyingine kutoka Tabora kuelekea pembe ya mto Kagera, mlangoni mwa Rwanda. Vita ya kwanza ya dunia ikaisimamisha mwaka huohuo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2018, Tanzania na Rwanda zikakubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka, mkoani Shinyanga, hadi Kigali. Isaka ndiko baadhi ya mizigo ya Rwanda hushushwa kwenye treni na kupandishwa kwenye malori, ikaja hadi mpakani Rusumo. Kwa hiyo, pengine ule mchele au sabuni inayovuka Petite Barrière kichwani mwa mama imekwisha kupanda treni. Mtoto ndiye bado.

Rusumo iko wilaya ya Kirehe, na Kirehe ndiko nyumbani kwa imigongo, ile sanaa ya mistari na pembetatu inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe na kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Reli kutoka Isaka ingeingilia huko. Basi kwa nini mabehewa ya kwenye karatasi ya mtoto yasivikwe imigongo? Pembetatu ni rahisi kuchora, rangi tatu zinatosha, na kituo chenye penseli chache kinaweza kugawana. Ningependa sana kuona ukuta wa darasa Rubavu umejaa treni za namna hiyo.

Hata hivyo, mtoto asilazimishwe. Treni ya kwanza ya Japani ilikuwa nyeupe na buluu. Ya Ufaransa, iliyoanza Septemba 1981 kati ya Paris na Lyon, ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyoiva. Wajapani tena walikuwa na treni ya manjano mwili mzima, waliyoipa jina Doctor Yellow, iliyopita ikikagua reli na nyaya kama daktari anavyopima mgonjwa, na watoto walioiona waliamini wamepata bahati. Mtoto anayepaka treni yake zambarau na magurudumu ya kijani hajakosea. Mwaka 1947 mwalimu wa sanaa Viktor Lowenfeld aliandika kwa ukali dhidi ya vitabu vya kupaka rangi, akisema vinamzoesha mtoto kungoja mchoro wa mtu mwingine. Nakubaliana naye nusu. Mchoro uliokamilika kila kitu humfunga mtoto kweli. Lakini mtoto ambaye hajaona treni hawezi kuianza kutoka kichwani. Mpe nusu: kichwa cha treni na behewa moja. Mabehewa mengine ayaongeze yeye, na aamue ndani wamepanda nani.

Jambo hilo la mwisho lina maana yake hapa. Mtoto wa mpaka huu anaijua mistari mirefu ya watu. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walivuka kuingia Rubavu, wengine wakiwa na godoro tu. Januari 2025 vita ilipofika Goma, watu walivuka tena. Mistari ile haikuwa na ratiba wala tiketi, na hakuna aliyechagua siku yake. Treni ni mstari wa namna nyingine: kila mtu ana kiti chake, na saa ya kuondoka inajulikana. Mtoto akiwachora mama, shangazi na mbuzi dirishani, mwache. Muulize tu wanakwenda wapi, kisha umsikilize hadi amalize, hata kama uji unapoa.

Gharama ni ndogo. Karatasi moja ikichorwa vizuri kwa kalamu nyeusi, duka la fotokopi litaizidisha kwa darasa zima. Penseli zikipungua, mkaa hutoa nyeusi na udongo uliolowekwa hutoa nyekundu. Vyote vimejaa Rubavu. Mashangazi na wajomba mlio Dar es Salaam, mkipanda mchongoko kwenda Dodoma, pigeni picha moja ya pua yake kutoka ubavuni mwitume kwa mwalimu wa Gisenyi aifuatishe kwa mkono. Na walimu wa Rubavu, mkiichora, acheni nafasi juu kushoto kwa ajili ya Nyiragongo, na chini mchore ziwa na mdiria. Sehemu iliyobaki iacheni nyeupe, ni ya mtoto.